Bomba la Choo Linapoziba: Namna ya Kulibadilishia Njia Bila Kumdhuru Jirani



Katika majuma ya mwanzo ya masika, mkazi mmoja wa wilaya yetu alifika katika ofisi ya kata akiwa na swali lililokuwa limemnyima usingizi. Bomba la choo chake lilikuwa limeziba kwa mara ya tatu tangu mwaka uanze. Kila lilipoziba aliita fundi. Fundi alisukuma waya, maji yakashuka, akapokea ujira wake na kuondoka. Baada ya majuma machache maji machafu yalirudi kupanda katika sinki. Nyumba ile ina watu saba, wakiwamo watoto wawili ambao hawajaanza shule. Mkazi huyo akauliza: “Nikilikata bomba hilo na kulielekeza katika mtaro wa mvua kwa muda tu, hadi nipate fedha, nitakuwa nimekosea?”

Tunamshukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Wengi hawaulizi, hungoja mvua kubwa ya usiku ndipo hufanya. Jibu alilopewa ni kwamba angekuwa amekosea mbele ya sheria, na zaidi ya hapo angekuwa amewakosea watu anaosalimiana nao kila asubuhi, kwa kuwa mtaro ule hupita karibu na kisima kinachotumiwa na kaya kadhaa za kitongoji chake. Hata hivyo, wazo lake la kulibadilishia bomba njia halikuwa baya. Lilihitaji kuelekezwa mahali panapostahili. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, ili mwenye nyumba aweze kuisimamia akielewa kila hatua.

Kwa nini mtaro wa mvua si njia ya choo

Mtaro wa mvua hujengwa kupokea maji yatokayo mapaani na barabarani na kuyapeleka mtoni, ziwani au baharini bila kusafishwa. Kinyesi kikiingia humo husafiri pamoja na maji hayo. Mvua ikizidi, mtaro hufurika na kuingia viwanjani, visimani na katika bustani za mboga. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo husambaa kwa njia hiyo hiyo: hutoka tumboni mwa mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine kwa kupitia maji, mikono, nzi na chakula.

Nchi yetu haina haja ya kukumbushwa kwa mifano ya mbali. Mwezi Agosti mwaka 2015 mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa jijini Dar es Salaam, kisha ukaenea katika mikoa mingine ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar. Ugonjwa huo unaweza kumkausha mtu mzima maji mwilini na kumuua katika muda wa saa chache asipopata tiba. Mtu anayefungulia choo chake mtaroni usiku hawezi kujua ni mtoto wa nani atakayechezea maji hayo asubuhi.

Upo pia ushahidi wa mbu. Mbu aina ya Culex huzaliana kwa wingi katika maji machafu yaliyotuama: katika makaro yasiyofunikwa vizuri, mashimo ya maji taka na mitaro iliyoziba. Katika mwambao wetu mbu hao ni miongoni mwa waenezao vimelea vya matende na mabusha. Kwa hiyo hata penye mtaro usiofika kisimani, madhara hayakosekani.

Kwanza tafuta mahali palipoziba

Kosa lifanywalo mara nyingi ni kuanza kuchimba kabla ya kujua tatizo liko wapi. Mfumo wa kawaida wa nyumba zetu una sehemu tano zinazofuatana: sinki la choo na shingo yake yenye maji ya kuzuia harufu, bomba litokalo nje ya ukuta, chemba moja au zaidi, karo, na mwisho shimo la kunyonya, ambamo maji yaliyokwisha kutulia huzama ardhini. Kila sehemu ina dalili zake, na chemba ndizo shahidi wa kuulizwa kwanza.

Fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu na nyumba, kisha ule wa chemba iliyo karibu na karo. Ikiwa chemba ya karibu na nyumba ni kavu ilhali sinki limejaa, kizuizi kimo katika shingo ya sinki au katika kipande kifupi cha bomba kati ya sinki na chemba hiyo. Ikiwa chemba ya nyumbani imejaa lakini ile ya karibu na karo ni kavu, kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Ikiwa zote mbili zimejaa, yaelekea karo lenyewe limejaa, na dawa yake ni kuita gari la kunyonya majitaka, si kubadili bomba. Na ikiwa karo lilinyonywa juzi kisha likajaa tena katika siku chache, shimo la kunyonya limechoka: udongo wake umezibwa na tope na haunywi maji tena. Hapo bomba jipya halitasaidia kitu. Shimo jipya la kunyonya ndilo litakalohitajika.

Katika nyumba ya mkazi wetu, chemba ya nyumbani ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na chemba ya karoni ilikuwa kavu. Afisa Afya alimshauri fundi atie alama katika waya wake pale unapogota, kisha aupime. Waya uligota mita tano kutoka chemba ya kwanza. Uliposukumwa tena siku ya pili uligota pale pale. Mita tano kutoka chemba ile palikuwa chini ya chumba ambacho familia ilikijenga miaka sita iliyopita, baada ya bomba kulazwa. Msingi wa chumba ulikuwa umelikalia bomba na kulibonyeza. Waya ulikuwa ukitoboa uchafu kila mara, lakini haukuweza kulinyoosha bomba lililobonyea.

Ni lini kuzibua hakutoshi

Bomba lililoziba kwa nguo, nepi, pedi, gunzi la muhindi au mchanga huzibuliwa kwa waya au kwa mianzi, na kazi ikaishia hapo. Kubadili njia ni gharama, kwa hiyo kufanywe pale tu panapokuwa na sababu ya kudumu. Sababu hizo kwa kawaida ni nne. Ya kwanza ni bomba kubonyea au kuvunjika mahali pasipoweza kuchimbwa, kama chini ya chumba, kisima cha kuhifadhia maji au ukuta mkubwa. Ya pili ni bomba kuzama katikati kwa sababu lililazwa juu ya udongo usioshindiliwa, likafanya tumbo ambamo kinyesi hutulia. Ya tatu ni mizizi ya miti, ambayo hufuata unyevu na kupenya katika viungo vilivyolegea. Ukiikata huota tena. Ya nne ni bomba kukunjwa kwa kona kali bila chemba, kiasi kwamba kila kitu kigumu hukwama pale pale na hakuna pa kupitishia waya.

Dalili inayounganisha sababu hizo zote ni moja: bomba huziba mahali pale pale kila mara. Ukiona hivyo, fedha unayompa fundi wa kuzibua kila baada ya miezi miwili ni fedha ya kununulia muda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kupima njia mpya

Maji ya choo hayasukumwi na kitu kingine isipokuwa uzito wake yenyewe. Hivyo jambo la kwanza katika njia mpya ni mteremko. Kwa bomba la inchi 4, ambalo ndilo litumikalo kwa vyoo vya nyumbani, mteremko mzuri ni sentimita 2.5 kwa kila mita 1 ya bomba. Ukiwa mdogo mno, kinyesi hutulia njiani. Mafundi wazoefu huuepuka pia mteremko mkali kupita kiasi, kwa hofu kwamba maji yatakimbia na kukiacha kinyesi nyuma.

Chora kwanza ramani ndogo ya kiwanja katika karatasi: nyumba, chemba, karo, kisima, bomba la maji safi, miti mikubwa na mpaka wa jirani. Kisha chagua njia inayozunguka kizuizi kwa kona chache kadiri iwezekanavyo. Njia hiyo ikae angalau mita 1 kutoka msingi wa nyumba, ili handaki lisiudhoofishe. Isipite chini ya miti mikubwa, wala mahali unapokusudia kujenga siku za usoni. Bomba la maji safi lisilazwe katika handaki moja na bomba la choo. Penye kupishana, la maji safi lipite juu. Na popote bomba lipitapo, kumbuka kwamba karo na shimo la kunyonya vinapaswa kuwa umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima cha maji ya kunywa, na ni bora viwe upande wa chini wa mteremko wa ardhi.

Baada ya kuchagua njia, pima kama kimo kinatosha. Mafundi wetu hutumia mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojazwa maji: maji ya ncha zote mbili husimama katika usawa mmoja, hata zikiwa pande mbili za nyumba. Kwa mpira huo mkazi wetu na fundi wake walipata vipimo hivi. Katika chemba ya nyumbani, sakafu ya bomba ilikuwa sentimita 45 chini ya alama waliyoiweka. Katika mdomo wa karo, ilikuwa sentimita 90 chini ya alama hiyo hiyo. Tofauti ni sentimita 45. Njia mpya ya kuzunguka chumba ilikuwa na urefu wa mita 14. Mita 14 mara sentimita 2.5 ni sentimita 35. Kwa kuwa walikuwa na sentimita 45, kimo kilitosha. Kama wangepata chini ya 35, ingewapasa kutafuta njia fupi zaidi, na wangelijua hilo kabla ya kununua hata gundi.

Mdomo wa karo usishushwe kiholela ili kupata mteremko. Karo hufanya kazi yake kwa sababu maji huingia juu kidogo ya yanapotokea. Tope hutua chini, mafuta na uchafu mwepesi huelea juu, na maji ya katikati ndiyo huenda katika shimo la kunyonya. Ukiuvuruga mpangilio huo, tope litahamia katika shimo la kunyonya na kuliua.

Vifaa na uchimbaji

Mabomba ya PVC huuzwa kwa kawaida yakiwa na urefu wa mita 6, kwa hiyo njia ya mita 14 huhitaji mabomba matatu. Chagua mabomba mazito yanayotengenezwa kwa ajili ya majitaka. Yale mepesi ya kupitishia maji ya mvua ukutani hubonyea yakifukiwa. Ongeza viungo vya kona iliyolegea, gundi ya PVC, matofali, saruji, mchanga na kokoto ndogo kwa ajili ya chemba. Panapokuwa na kona, jenga chemba. Mkazi wetu alikuwa na kona mbili, basi alijenga chemba mbili mpya. Aliyemwambia kwamba chemba ni kupoteza saruji hakumtakia mema: chemba ndiyo mlango wa kuingilia siku bomba litakapoziba.

Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi ikiwezekana, kwa kuwa handaki lililojaa maji halipimiki. Familia ijipange mapema kuhusu choo cha kutumia kwa siku mbili au tatu. Kwa kawaida jirani mwema hakatai akiombwa kwa adabu.

Uchimbaji huanzia upande wa karo kupanda kuelekea nyumba, ili mteremko uonekane tangu mwanzo. Sakafu ya handaki isawazishwe na kutandikwa mchanga usio na mawe, unene wa kama sentimita 10. Jiwe moja lililochongoka chini ya bomba laweza kulitoboa baada ya miaka michache ya uzito. Mahali wapitapo watu kwa miguu, udongo juu ya bomba usipungue sentimita 30. Mahali yapitapo magari, uwe sentimita 60 au zaidi, au bomba lifunikwe kwa slabu ya zege isiyoligusa.

Bomba likatwe kwa msumeno, kingo zake zisuguliwe hadi ziwe laini, na viungo vifutwe vikauke kabla ya kupakwa gundi. Mdomo mpana wa bomba uelekee upande wa juu, yatokako maji. Fundi apime mteremko wa kila bomba kwa pima-maji, asikisie kwa macho. Bomba la kupumulia nalo lisisahaulike: lipande hadi juu ya paa na lifungwe wavu mdomoni ili mbu wasiingie wala kutoka.

Hatua ya mwisho ni kuunganisha njia mpya na chemba ya nyumbani. Hiyo ndiyo saa chafu kuliko zote, kwa sababu maji yaliyofungwa katika bomba la zamani yatatoka. Watu wa nyumba waambiwe wasitumie choo. Wafanyakazi wavae glovu, viatu virefu vya mpira na barakoa. Maji yatakayotoka yakingwe kwa ndoo na kumwagwa karoni, si uwanjani.

Jambo moja tunalisisitiza kwa herufi zote za moyo: mtu asiingie ndani ya karo kwa sababu yoyote. Humo mna gesi zisizoonekana. Salfaidi ya hidrojeni hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huifisha pua isinuse chochote, na mtu huanguka bila onyo. Methani nayo huwaka. Asiyejua hilo huona mwenzake ameanguka, akaruka ndani kumwokoa, wakafa wawili. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na karo lililofunguliwa, na usiliache wazi hata kwa dakika moja penye watoto.

Majaribio kabla ya kufukia

Handaki lisifukiwe siku ile ile kwa haraka ya kumaliza. Yapo majaribio matatu yasiyogharimu kitu. La kwanza ni la mwanga: weka kioo katika chemba moja na kurunzi katika chemba nyingine. Bomba lililonyooka huonyesha duara kamili la mwanga. Lililopinda huonyesha nusu au giza. La pili ni la mpira: tupa ndani mpira mdogo, mwembamba kidogo kuliko bomba, kisha mwaga ndoo moja ya maji. Mpira utokee chini bila kukwama. La tatu ni la uvujaji: ziba ncha ya chini kwa kitambaa kilichofungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, jaza bomba maji, tia alama na usubiri nusu saa. Maji yakishuka, kiungo fulani kinavuja, na ni heri kukijua sasa kuliko baada ya jirani kulalamika.

Majaribio yakifaulu, fukia kwa mchanga au udongo laini hadi juu ya bomba, shindilia pande zote mbili kwa mkono, kisha endelea na udongo wa kawaida kwa tabaka. Bomba la zamani lizibwe kwa zege katika ncha zake zote mbili. Likiachwa wazi litakuwa makazi ya panya na mende, na siku moja mtu mwingine atalichimba bila kujua ni la nini.

Mahali palipomwagika maji ya choo pasafishwe kwa dawa ya klorini. Ikiwa dawa uliyonayo ina nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji. Usiichanganye kamwe na tindikali ya kusafishia vyoo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Mwisho, kila aliyeshiriki aoge na kunawa kwa sabuni kabla ya kula.

Nyumba zilizo chini ya karo na vyoo vyenye mashine

Baadhi ya wakazi wa sehemu za miteremko wanajikuta choo chao kiko chini kuliko karo au bomba kuu, na hakuna mteremko wowote wa kupima. Katika baadhi ya nyumba za wageni na nyumba mpya, tatizo hilo limetatuliwa kwa mashine ya umeme inayowekwa nyuma ya sinki. Mashine hiyo ina visu vya kusaga kinyesi na karatasi, na pampu ya kuyasukuma maji hayo juu kupitia bomba jembamba, la kipenyo cha kama milimita 32. Mashine nyingi za aina hiyo zinaweza kupandisha maji mita chache kwenda juu.

Bomba jembamba lina masharti yake, na linapoziba, mara nyingi sababu ni njia mbaya. Bomba lipande wima mara tu litokapo katika mashine, kisha ndipo lilale, likiwa na mteremko mdogo wa kama sentimita 1 kwa kila mita kuelekea linakomwaga. Halipaswi kushuka na kupanda tena, kwa kuwa penye bonde ndipo uchafu hutua. Kona kali moja ibadilishwe kwa kona mbili zilizolegea, na bomba lishikwe kwa vibanio ukutani lisilegee. Anayetaka kulibadilishia njia azime kwanza umeme katika swichi kuu, na akumbuke kwamba maji yaliyosimama katika bomba la wima yatashuka kwa nguvu kiungo kikifunguliwa. Ndoo na ujasiri wa kusubiri vyahitajika. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Tena, choo hicho hakifanyi kazi umeme ukikatika. Familia inayokitegemea peke yake iwe na choo kingine cha dharura.

Vibali na huduma

Usafi wa mazingira unasimamiwa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na majitaka pia na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo hulinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kuchimba, mwenye nyumba afike kwa Afisa Afya wa Kata akiwa na ile ramani yake ndogo. Afisa atatembelea kiwanja, ataangalia umbali wa visima na atatoa ushauri. Ikiwa njia mpya itapita katika hifadhi ya barabara au kiwanja cha jirani, ruhusa ipatikane kwanza, na makubaliano na jirani yaandikwe mbele ya Mwenyekiti wa Kitongoji. Palipo na bomba la umma la majitaka, maunganisho hufanywa na mamlaka ya maji husika. Mtu asilitoboe mwenyewe.

Asiyeweza kumudu gharama yote kwa mara moja naye afike aeleze. Mara nyingi kazi inaweza kugawanywa: kuchimba hufanywa na wanafamilia, na fedha huwekwa kwa ajili ya mabomba na fundi. Ndivyo alivyofanya mkazi wetu. Wanawe wawili walichimba handaki kwa siku mbili za mwisho wa juma, fundi akalaza bomba siku ya tatu, na Afisa Afya akaja kutazama mwanga katika kioo kabla ya udongo kurudishwa.

Ili lisizibe tena

Bomba jipya haliwezi kuvumilia matumizi ya zamani. Nguo, nepi, pedi, mifuko, magunzi na magazeti vina mahali pake, nalo ni shimo la taka. Weka ndoo yenye mfuniko chooni ili asiwepo mwenye sababu ya kutupa kitu katika sinki. Majivu na mchanga wa kusugulia sufuria visimwagwe humo, wala mafuta ya kupikia, ambayo hugandamana ndani ya bomba. Fungua chemba mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwaga ndoo ya maji kutoka juu na uone kama yanapita kwa wepesi. Karo likaguliwe kabla ya kila masika. Tope likifikia theluthi moja ya kina chake, ita gari.

Tunaandika haya wakati masika bado yanaendelea. Kisima kile kinachopakana na mtaro kingali kinatumika, na watoto bado huchota maji yake kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Mwenye tatizo la choo lililomshinda afike ofisi ya kata siku yoyote ya kazi. Hatakaripiwa kwa kuuliza.